Kamati za Bunge na kitufe kisichounganishwa na chochote

Nimenyamaza wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo lazima nitoe jambo lililonikaa rohoni.

Zamani nikianza kazi hii ya kuunda programu, mteja mmoja aliniagiza tovuti. Akataka iwe na fomu ya maoni. Nikamuuliza, maoni yakishatumwa yaende wapi? Kwa baruapepe yako? Kwenye hifadhidata? Akanitazama kana kwamba nimeuliza upuzi. "Yaende tu," akasema. "Muhimu ni mtu aone 'Asante kwa maoni yako'." Nilikuwa na shida ya pesa, nikaiunda. Kitufe cha Tuma hakikuunganishwa na chochote. Mpaka leo naona haya.

Namkumbuka mteja yule kila nikiona tangazo la kamati ya Bunge gazetini, lile la kualika wananchi wawasilishe maoni kuhusu mswada fulani kabla ya saa kumi na moja jioni, siku fulani.

Kuna wakati niliitikia wito wa namna hiyo. Sitataja kamati wala mswada. Nilikesha usiku mara mbili nikaandika kurasa nne: kifungu hiki kitaleta tatizo hili, kibadilisheni hivi, sababu ni hii. Nikatuma. Nikajibiwa neno moja, "Imepokelewa." Basi. Kifungu kilipita vilevile, hata nukta haikuhama.

Sasa nielewe vizuri, msomaji. Silalamiki kwamba nilikataliwa. Wenzangu wanaokagua msimbo wangu hunikataa kila wiki na bado tunakunywa chai pamoja. Ninalolalamikia ni kwamba mpaka leo sijui kama nilikataliwa au sikusomwa kabisa.

Hebu tuangalie sheria inasemaje. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake wazi, pamoja na za kamati, na liwezeshe umma kushiriki. Vizuri. Kifungu cha 125 kinaipa kila kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu. Yaani kamati ikitaka nijibu, nitajibu, nipende nisipende. Lakini mimi nikitaka kamati inijibu? Hapo kimya. Waya umevutwa upande mmoja tu.

Hili si wazo langu la ulevini, limefika mpaka mahakamani. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge lina wajibu wa kuwaambia wananchi kwa nini limekubali au limekataa maoni yao. Nilishangilia peke yangu mbele ya tarakilishi. Shangwe haikudumu. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kusema kwamba kwa sasa hakuna wajibu wa wazi kisheria wa Bunge kutoa sababu za maandishi.

Sawa, mimi si wakili. Mahakama ya Juu imesema, imesema. Lakini kutolazimishwa si kukatazwa. Hakuna sheria inayomlazimisha fundi kukuambia kwa nini amekata waya fulani ndani ya gari lako, ila fundi asiyesema utamrudia?

Tazama yaliyotokea mwaka huo huo wa 2024. Mswada wa Fedha ulikuja na ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, miongoni mwa mengine. Kamati ya Fedha ikakaa ikasikiliza mashahidi. Wahasibu, wenye viwanda, mashirika ya kiraia, watu wa kawaida, wote wakaja na makaratasi yao. Kisha Jumanne tarehe 18 Juni, mwenyekiti wa kamati Kuria Kimani akatangaza kwamba ushuru wa mkate na wa gari umeondolewa. Alitangazia wapi? Ikulu! Baada ya mkutano wa wabunge wa upande wa serikali na Rais.

Fikiria wewe ndiye shahidi aliyefunga safari mpaka Nairobi kuieleza kamati habari za mkate. Umeshinda, lakini hujui kama ulishinda kwa hoja yako au kwa sababu Ikulu iliona vijana barabarani. Na yule aliyezungumzia vifungu vilivyobaki hajui alishindwa kwa nini. Alhamisi tarehe 20 wabunge 204 waliupitisha mswada hatua ya pili, 115 wakipinga. Tarehe 25 ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni na watu wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini.

Sisemi jibu la kamati lingezuia yote hayo. Hasira ilikuwa na mizizi mingi. Ninasema hivi: mtu aliyeambiwa "tumekusoma, hatukubaliani nawe, na sababu ni hii" ana kitu cha kubishana nacho. Aliyeambiwa "imepokelewa" amebakiwa na barabara.

Na kwa sisi watu wa tarakilishi, kuna kisa kinachotuhusu zaidi. Mwaka 2016 Aden Duale, wakati huo kiongozi wa wengi Bungeni, alileta mswada wa kutusajili na kutupa leseni sisi wataalamu wa teknolojia ya habari. Tulipiga kelele kwamba nusu ya watu wanaoshikilia mifumo ya nchi hii walijifunza wenyewe vyumbani mwao. Mswada ukafifia. Kisha 2020 ukarudi, safari hii kupitia mbunge Godfrey Osotsi, hoja zetu zikarudi vilevile, na 2022 Bunge la Taifa likaupitisha. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuusaini.

Kwetu kazini, ukifungua upya hitilafu iliyokwisha kufungwa, kwanza unasoma kwa nini ilifungwa. Hapa hakukuwa na cha kusoma, kwa hiyo watu wale wale walianza upya kueleza mambo yale yale.

Najua watetezi wa kamati watasema nini. Kwanza, "maoni ni maelfu, hatuwezi kumjibu kila mtu." Jamani, hata programu moja inayotumiwa na watu wengi hupokea maelfu ya malalamiko. Hatuandiki majibu elfu. Tunaunganisha yanayofanana, tunajibu mara moja, na kila mlalamikaji anaelekezwa kwenye jibu lile. Watu mia tano wakisema jambo moja kuhusu mkate, hiyo ni tiketi moja yenye majina mia tano.

Pili, "sababu zimo kwenye ripoti." Kweli, na sitaki kuwaonea. Fungua ripoti za kamati, utakuta baadhi zina jedwali zuri: nani alisema nini, kamati iliamua nini. Makarani wanaofanya kazi hiyo nawavulia kofia. Lakini mara nyingi upande wa uamuzi umeandikwa "kamati haikukubaliana na pendekezo" na hapo sentensi inaishia. Hiyo si sababu, hayo ni matokeo. Na isitoshe, limezikwa ndani ya faili ndefu ambayo mwananchi wa Lodwar au Lamu mwenye simu na bando la shilingi ishirini hawezi kuipekua.

Ninachotaka ni vitu vinne tu, wala si roketi:

1. Kila maoni yanayopokelewa yapewe nambari, na mtumaji apewe nambari hiyo.
2. Kila nambari iwe na hali yake: limekubaliwa, limekubaliwa kwa sehemu, limekataliwa, au liko nje ya mswada.
3. Likikataliwa, sababu. Sentensi mbili zinatosha.
4. Yote yachapishwe siku saba kabla ya kura, kwa maandishi yanayoweza kutafutwa, si picha za karatasi.

Mfumo huo nauweza mimi na wenzangu wawili kwa miezi michache. Ugumu hauko kwenye teknolojia. Ugumu ni kwamba ukishaandika sababu, mtu ataisoma, na kama ni ya uongo itaonekana ni ya uongo. Mteja wangu wa zamani alijua hilo, ndiyo maana alitaka maoni "yaende tu".

Nitatuma tena safari ijayo. Ndiyo, kurasa nne tena. Na juu ya ukurasa wa kwanza nitaandika nambari yangu mwenyewe, 001, kisha niwaombe wanijibu kwa nambari hiyo. Nawe ukituma, jipe yako.

Haya, narudi kwenye msimbo.