Visiwa vya Juu ya Mombo

Kila Idi na kila Krismasi magari hupanda kutoka Mombo yakiwa yamejaa wana wa Shambaai, milima yetu ya Usambara, wanaorudi kwao. Wanafika Mlalo, wanaamkia wazee, wanakula, wanalala siku mbili, kisha wanageuza. Wengine hatuwaoni tena mpaka pawe na msiba. Lakini ile safari ya kuwekewa akiba mwaka mzima, safari ya kupumzika na watoto, huipeleka Unguja.

Simlaumu aendaye Unguja. Kisiwa kile kina watu waungwana, majumba ya kale na maji ya kuogelea, na aliyechoshwa na Dar es Salaam ana haki ya kutulia. Ninalowaomba ndugu zangu mlifikirie ni hili: mtoto aliyeonyeshwa roshani za Mji Mkongwe na asionyeshwe roshani za Mlalo, amedhulumiwa urithi wake na mzazi wake mwenyewe.

Maana sisi nasi ni watu wa visiwani. Wataalamu wa viumbe huihesabu milima hii, tangu Taita ya Kenya, Pare na Usambara hadi Udzungwa, kuwa ni mlolongo wa visiwa. Kila mlima una msitu wake wa ukungu, na nyika kavu iliyo katikati ni bahari asiyoweza kuivuka chura wala kinyonga wa msituni. Ndiyo sababu Usambara ina viumbe ambavyo huvikuti penginepo duniani. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka huku. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, tena kwa jina lake yeye, Saintpaulia. Sisi tuliozaliwa nalo twalipita njiani kama majani.

Nirudi kwenye roshani. Mlalo ya zamani imejaa nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa udongo na miti, zikining'inia ubavuni mwa mlima, na roshani zake za mbao zimenakshiwa kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa. Hazikujengwa ili zipigwe picha, zilijengwa zikaliwe. Lakini mwenye nyumba akiona hata wanawe hawainui macho kuitazama, ataona ana sababu gani ya kuikarabati? Atazifanya mbao kuni na kusimamisha ya saruji, na sitakuwa na la kumwambia. Mgeni anayelipa kulala humo, anayeuliza nani alichonga nguzo ile, humpa mwenye nyumba sababu.

Basi njooni na viatu vya kutembelea. Tokeni Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu za miguu, mlale Rangwi kwa masista, na siku moja muitenge kwa ajili ya bonde la Mlalo peke yake. Mkodi kijana wa hapa awaongoze, mumlipe haki yake bila kumpunja kwa kuwa ni ndugu. Watoto wafundisheni kuamkia "Onga maundo" asubuhi kabla hawajaomba picha ya mtu yeyote. Kule Mtae mtasimama ukingoni, nyika ya Mkomazi ikiwa chini ya miguu yenu. Na Mto Umba uanzao milimani humu hushuka hadi Kenya, ukaingia katika Bahari ya Hindi, ile ile mnayoifuata kwa nauli.

Bondeni kuna somo jingine. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, watu wakalazimishwa kulima matuta katika miteremko. Matuta yenyewe pengine yalikuwa na faida. Kulazimishwa ndiko kulikokataliwa. Wakulima waligoma, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Historia hiyo haina bango wala jumba la makumbusho. Iko katika miteremko na katika vinywa vya watu. Waliokuwa watoto wakati huo, wakiwapelekea mama zao maji shambani, leo wamekaribia themanini au wameivuka. Jioni huwakuti mbali: wako barazani, na wana nafasi ya kuzungumza.