Wana Musoma, Bunda na Butiama, Tumpokee Mwalimu wa Hesabu

Wazazi walipiga makofi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu mkutano ule, katika sekondari moja ya kata upande wa Butiama. Mwalimu wa taaluma alikuwa anasoma matokeo ya mtihani wa moko. Alipofika kwenye Hisabati alisoma F, F, F, mpaka akaona haya kuendelea kutaja majina. Hapo akasimamishwa kijana mmoja, mwalimu mpya ambaye hata mwaka hajamaliza kazini, atueleze kwa nini watoto wetu wamefeli. Hajafungua mdomo, mzee mmoja akainuka: "Mwalimu, hawa usiwaonee huruma. Chapa! Ukichapa, hesabu zitaingia tu." Watu wakashangilia. Watoto wenyewe walikuwa wamejazana nje ya madirisha, wanasikia kila neno.

Kijana yule aliitikia kwa kichwa. Angefanya nini? Sisi wazazi, tena mbele ya mkuu wake wa kazi, tulikuwa tumemwagiza.

Haikupita wiki, mtoto wa mdogo wangu anayesoma Kidato cha Pili shuleni hapo akaja nyumbani na viganja vimevimba. Nikamwomba daftari. Swali lilikuwa −3 − 5. Alikuwa ameandika 8, na kalamu nyekundu ilikuwa imekata jibu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Nikamuuliza nane ameipataje. "Baba mkubwa, si tulifundishwa hasi na hasi ni chanya?"

Nikamwambia: dukani unadaiwa elfu tatu, leo umekopa tena elfu tano, mambo yamefikia wapi? Akajibu hapo hapo: "Nadaiwa elfu nane." Na deni tunaliandikaje? Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaweka alama ya kutoa mbele ya ile nane. Kazi nzima haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Binti huyu si mvivu wala si mjinga. Alishika kanuni ya kuzidisha akaipeleka kwenye kutoa. Kosa lake lilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa inangoja mtu mmoja tu aulize "umefikaje hapa?" Hakuna aliyeuliza. Alichapwa yeye na safu nzima aliyokaa nayo.

Ndugu zangu, sababu za hali hii tunazijua wote. Shule za kata zilijengwa kwa kasi kuanzia mwaka 2004, ada ikafutwa Januari 2016, madarasa yakafurika, walimu wa hesabu na sayansi hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mtoto aliyejifunza sehemu na desimali kwa Kiswahili miaka saba anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Vitabu haba. Nyumba za walimu haba. Kwa miaka mingi, kati ya watahiniwa watano wa Kidato cha Nne nchini, karibu wanne wamekuwa wakifeli Hisabati. Mwaka 2023 ufaulu ulipofika kama asilimia 25 ilionekana ni hatua kubwa. Kufeli kwa watatu kati ya wanne tumekuzoea kiasi cha kukuita maendeleo.

Hilo la kuzoea ndilo langu leo, kwa sababu serikali ikileta mwalimu, sisi tunamfanya nini? Anashuka kwenye hiace pale Kiabakari, Nyamuswa au Kibara, begi mgongoni, barua ya kupangiwa kituo mkononi. Fedha ya kujikimu bado haijaingia. Anatafuta chumba, anatajiwa kodi ya mgeni. Kesho yake anapewa Kidato cha Kwanza chote na cha Pili chote, kwa maelezo kwamba Kidato cha Nne ni cha wazoefu. Chuoni alisoma kalkulasi, na sasa mbele yake kuna watoto lukuki ambao wengine hawajui saba mara nane. Hakuna anayeingia darasani kwake kuona anaendeleaje. Miezi sita baadaye tunamsimamisha mkutanini kama mshitakiwa, tunamkabidhi fimbo, tunampigia makofi.

Kila Oktoba 14 tunapanda Mwitongo, tunatoa hotuba kaburini kwa mtu aliyekuwa mwalimu kabla hajawa rais, aliyetoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934. Hatuna haki ya kujivunia jina lake Oktoba na kumtelekeza mwalimu kijana Januari, tena ndani ya wilaya hiyo hiyo.

Nianze na fimbo, maana ndiyo inayoumiza leo. Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, anatoa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa kibali chake kwa maandishi, visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Tangu lini kukosea milinganyo kukawa kosa la nidhamu? Mwaka 2018, ng'ambo ya ziwa hili letu, kule Kagera, mtoto wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake, na nchi nzima ikalia. Tunangoja msiba wa namna hiyo ufike kwetu ndipo tuache kushangilia? Mzazi anayemwambia mwalimu "chapa" anaomba mwanawe aogope somo maisha yake yote. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea haonyeshi tena anachofikiri. Anaficha daftari, ananakili kwa jirani, na siku za kipindi cha hesabu anaugua tumbo.

Mwalimu mpya, sasa nasema na wewe, kwa heshima na kwa kukuhitaji. Wiki yako ya kwanza usikimbilie mada ya kwanza ya muhtasari. Wape karatasi isiyo na alama za kuripoti popote: jedwali la kuzidisha, kujumlisha sehemu, namba hasi, asilimia. Usiku huo utajua uko na nani. Itakuuma, lakini ni afadhali uijue Januari kuliko ungoje moko ikuambie. Kisha rudi nyuma pamoja nao hata kama mwenzako anakucheka kwamba unafundisha mambo ya darasa la tano. Swali lolote unalokwenda kuuliza, lifanye mwenyewe kwanza kwenye daftari lako, hatua kwa hatua, maana ukikwama ubaoni siku mbili za mwanzo hawatakuamini tena. Maneno mapya ya Kiingereza yaandike pembeni mwa ubao kila kipindi, uyaeleze kwa Kiswahili bila kuona aibu, na uyaache hapo mpaka kengele. Ondoka mbele. Tembea mpaka dawati la mwisho karibu na ukuta, ambako mara nyingi utawakuta wasichana wawili watatu ambao hawajaulizwa swali tangu muhula uanze. Mtoto akikosea, mwambie akuonyeshe alivyofika. Na yeyote atakayemcheka mwenzake aliye ubaoni, hapo ndipo uwe mkali.

Mifano unayo mlangoni, usiitafute mbali. Watoto wa Mwigobero wanawaona mama zao wakipima dagaa kwa ndoo na kupiga bei kichwani. Uwiano wanaujua, jina lake tu ndilo hawajui. Mtoto wa Buhemba anajua pointi kumi za dhahabu ni gramu moja, na bado anaambiwa desimali ni ngumu. Bunda wanapima pamba kwa kilo na wakulima wanalalamikia mizani kila msimu: waulize wanafunzi mkulima anapoteza shilingi ngapi kama mizani inamwibia nusu kilo kwenye kila kilo ishirini, uone kama kuna atakayelala.

Wakuu wa shule, Kidato cha Kwanza mpeni mwalimu wenu hodari kuliko wote. Msingi ukipinda pale, mwalimu wa Kidato cha Nne anapiga plasta kwenye ufa. Mwalimu mpya mwacheni akae nyuma ya darasa la mzoefu majuma mawili ya mwanzo, na mzoefu naye akae nyuma ya darasa lake, si kumkagua, kumshika mkono. Najua mtasema vipindi ni vingi na walimu ni wachache. Ni kweli, na majuma mawili bado yanapatikana.

Walimu wa hesabu wa Musoma, Bunda na Butiama, kutaneni. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umeshafungua mlango huo, na vituo vya walimu vipo. Jumamosi moja kila mwezi, leo Musoma mjini, mwezi ujao Bunda, unaofuata Butiama. Kila mmoja aje na kosa moja alilokutana nalo kwenye madaftari, mjadili limetoka wapi na alilitibu vipi. Hamhitaji posho kufanya hivyo, mnahitaji nauli, na nauli hiyo wazazi na madiwani tunaweza kuichanga. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kipo tangu mwaka 1966, na kila Machi 14 Siku ya Pai huadhimishwa nchini. Kwa nini siku hiyo isisikike Bunda kwa kelele kama za fainali ya mpira?

Wenyeviti wa vijiji na mitaa, mwalimu akipangiwa kwenu, chumba kiwe kimepatikana kabla hajafika, kwa kodi ya mwenyeji. Muulizeni kama ana maji. Mambo haya ni madogo, na kwa sababu yake walimu wengi wameanza kutafuta uhamisho kabla hata hawajajua majina ya wanafunzi wao.

Wazazi, acheni kusema "hesabu si za ukoo wetu." Hakuna ukoo wa Mkurya, Mjita, Mzanaki, Mwikizu wala Mkwaya usiojua kuhesabu ng'ombe, nyavu au deni. Binti apate nusu saa ya daftari kabla ya vyombo na ndoo za maji, na kaka yake aoshe sahani. Siku za mnada mtoto awe darasani, asiwe anaswaga mbuzi. Hata kama hukusoma, fungua daftari uangalie tarehe ya tiki ya mwisho. Ukiona mwezi umepita bila kusahihishwa, nenda shuleni ukaulize kwa adabu, usingoje mkutano wa kelele.

Na ninyi mliomaliza Kidato cha Sita, mtihani ni Mei na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mkiwa nyumbani katika miezi hiyo, mna hesabu kichwani ambazo mtoto wa jirani yenu anazililia. Wahasibu wa halmashauri, wapima ardhi, mafundi wanaojua kusoma ramani, makarani wa benki, jioni moja kwa wiki haitawafilisi.

Neno la mwisho ni lenu, walimu wastaafu, mliofundisha hesabu enzi za chaki na kitabu kimoja kwa dawati zima, na mkafaulisha. Wengi wenu mko Nyasho, Bweri, Makoko, Bunda mjini, mmekaa barazani na maarifa yote hayo. Nawasihi. Wiki hii nenda sekondari iliyo karibu nawe, muulize mkuu wa shule jina la mwalimu mpya wa hesabu, kamsalimie, halafu mwombe ruhusa ukae nyuma ya darasa lake kipindi kimoja.