Mbegu na Udongo wa Saratani

Mkulima hashangai akiona mbegu za gunia moja zimestawi bondeni na kufa penye changarawe. Lakini wengi hushangaa wasikiapo ya kuwa mwanamke aliyekatwa donge la saratani titini sasa anaumwa mifupa ya mgongo, wakadhani amepatwa na maradhi mapya.

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alichungua habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Ini lilikuwa limeingiwa na ugonjwa katika wanawake 241. Bandama katika 17 tu, ingawa nayo huletewa damu kwa mshipa mkubwa. Kama chembe za saratani zingetua ovyo popote damu izipelekapo, viungo hivi viwili visingalitofautiana hivyo. Paget akanena ya kuwa mbegu hutapakaa kila upande, lakini huota penye udongo uzifaao.

Mwaka 1928 Mmarekani James Ewing alishikilia ya kuwa mkondo wa damu ndio uamuao. Naye hakukosa kabisa: damu itokayo utumboni hupita kwanza katika ini, na ndiko saratani ya utumbo mpana ipendako kwenda. Hata hivyo, mwaka 1980 wataalamu Hart na Fidler walipandikiza vipande vya mapafu na vya figo katika misuli ya panya, kisha wakatia chembe za saratani ya ngozi katika damu yao. Uvimbe uliota katika vipande vya mapafu. Katika vile vya figo haukuota. Damu ilikuwa ile ile, udongo mbalimbali.

Mfupa ni udongo wa hatari. Hubomolewa na kujengwa upya kidogo kidogo maisha yote. Chembe za saratani ya titi zifikapo huchochea ule ubomoaji, nao mfupa ubomokapo hutoa vitu vya kukuza mwili vilivyohifadhiwa ndani yake, vikazilisha chembe zile zile.

Kwa sababu hiyo saratani ya titi iliyohamia mfupani hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi, kwani mbegu haikubadili kabila, na mara nyingi daktari huongeza dawa ya kuuzuia mfupa usibomoke. Basi mama aendaye hospitali kwa maumivu ya mgongo yasiyokoma na ataje lile donge alilokatwa zamani, hata ikiwa kovu limepona miaka mingi na hakuna aliyemwuliza.