Turubai, Bodi la Bati au Gari Wazi? Piga Hesabu Kabla ya Kupakia

Leo sizungumzii mbolea wala viuatilifu. Nazungumzia safari ya mzigo, kwa sababu vijana wengi mnalima vizuri, mnavuna vizuri, halafu hela inapotelea barabarani kati ya shamba na soko.

Swali limetoka kwa kikundi cha vijana wa Kibaha. Wamechangishana ili wanunue gari la kubebea mazao, na sasa wamekwama. Nusu wanataka gari wazi, nusu wanataka la kufunikwa. Hao wa kufunikwa wana hoja yao: wanaishi pembeni ya Barabara ya Morogoro, kila siku wanaona matela ya mizigo ya Zambia na Kongo yakipita na mapazia ya turubai kila upande. Mmoja akaniambia, "Afisa, wale si wajinga."

Kweli, si wajinga. Lakini mizigo mingi ya wale haipumui. Sisi tunabeba nanasi, papai na mihogo. Mazao haya hata yakishavunwa bado yako hai, yanapumua, na yanapopumua yanatoa joto. Ukiyafungia mahali pasipo na hewa, yanajichemsha yenyewe.

Hili nililijifunza kwa kosa langu. Miaka ya nyuma nilimshauri kijana mmoja wa Masaki (ya Kisarawe, siyo ile ya Dar) afunike mapapai yake vizuri yasipate jua. Akanisikiliza mno. Alinunua nailoni nyeusi, akaibana pande zote kama anafunga zawadi. Gari likagoma Pugu, mzigo ukakaa juani saa nne. Alipofika sokoni Mabibo, mapapai ya katikati yalikuwa yamelainika kama uji. Dalali hakubishana naye, alitaja bei ya kutupa tu. Kijana hakunilaumu, ila mimi najua: nilimwambia afunike, sikumwambia afunikeje.

Kwa hiyo msimamo wangu nausema mapema. Kwa mazao yetu ya Pwani, nunueni gari la bodi wazi lenye fremu ya mabomba na turubai la kufungua na kufunga. Bodi la bati lililozibwa pande zote waachieni wanaosambaza sabuni na mikate.

Faida za turubai ni tatu. Kwanza, linazuia jua la moja kwa moja, ambalo huunguza ganda la nanasi na kunyausha mboga. Pili, mvua. Masika yetu ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Ukijumlisha, karibu nusu ya mwaka uko kwenye hatari ya kulowa. Tatu, vumbi la njia za ndani na mikono ya watu kwenye foleni. Gari wazi likisimama Gongo la Mboto jioni, huwezi kujua nanasi ngapi zimeshuka bila nauli.

Hasara nazo zipo. Fremu na turubai vina uzito, na uzito huo unaula mzigo wako. Turubai huchanika, kamba huchakaa, na kufunga vizuri kunataka utingo makini na muda. Juu ya yote ni joto, kama nilivyoeleza.

Sasa hesabu. Tuseme unapakia nanasi 3,000, na bei ya sokoni ni shilingi 1,000 kwa nanasi. Mzigo una thamani ya milioni 3. Mwenye gari la turubai anakutoza 50,000 zaidi ya mwenye gari wazi. Hiyo 50,000 ni sawa na nanasi 50. Basi swali ni moja tu: turubai litaokoa nanasi zaidi ya 50 katika hizo 3,000? Kama ni Julai, unapakia saa 10 alfajiri na unafika sokoni kabla ya jua kuwaka, huenda lisiokoe. Kodi gari wazi, uende. Kama ni Aprili, au unapakia mchana, nanasi 50 ni chache sana. Lipa. Weka namba zako mwenyewe, usibebe zangu.

Kwa wafugaji wa kuku wa Kibaha, mimi sina mjadala. Ukileta mahindi au pumba kutoka Morogoro, funika, hata kama mbingu ni nyeupe. Mahindi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 ili yatunzike. Yakilowa njiani ukayarundika stoo, unakaribisha ukungu na sumukuvu. Sumukuvu siyo hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuku nao hawaiwezi. Na kumbuka mizani ya Vigwaza iko njiani, na magari ya kuanzia tani 3.5 yanapimwa. Gunia likinyonya mvua linaongeza uzito, na mizani haijui kwamba ni maji.

Ukiamua kufunika, funika hivi. Chagua turubai la rangi ya mwangaza, nyeusi achana nayo. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya mzigo na turubai; ndiyo maana fremu ni lazima, na ndiyo maana lumbesa na kupakia mpaka juu havifai. Wakati hakuna mvua, kunja turubai kidogo mbele na nyuma hewa ipite. Gari likiharibika, jambo la kwanza siyo kumpigia fundi. Fungua pembeni mzigo upumue, halafu piga simu.

La mwisho, kabla injini haijawashwa kubalianeni na dereva kwa maandishi, hata kwa meseji: mzigo ukilowa au ukichemka, nani analipa? Wengi wenu hamuulizi mnaona aibu. Mtu anabeba miezi yako kumi na zaidi ya kusubiri nanasi, na wewe unaona aibu kumuuliza swali moja?

Vijana wa Kibaha, jibu langu ndilo hilo: fremu na turubai. Hela mtakayobakisha kwa kutonunua bodi la bati, nunueni kreti. Nanasi la chini nalo lina haki ya kufika sokoni likiwa zima.