Mcheza Kwao Hutuzwa Lini?

Wapo wataalamu wasemao kwamba maisha ya mwanamke wa kanisa la kijijini hayana habari ya kuandikwa. Husema: alizaliwa, akabatizwa, akaimba, akapikia wageni, akafa, wasifu gani utatoka humo? Neno hili limerudiwa mara nyingi hata limefanana na hekima. Mimi naliita uvivu.

Tazama Kasanda katika nchi ya Buha, iliyokuwa wilaya ya Kibondo na ambayo leo imo katika wilaya ya Kakonko. Wakati wa utawala wa Waingereza, wanaume wengi wa Buha waliandikwa manamba wakaenda kukata mkonge mashamba ya mbali, hata Tanga. Nani alibaki? Alibaki mwanamke, na jembe, na watoto, na wagonjwa, na sala. Warundi walivuka mpaka kwa kukimbia mauaji mwaka 1972, wakavuka tena mwaka 1993 na 2015. Kabla kambi haijajengwa, mgeni hupokewa na mwenye chungu. Na mwenye chungu twamjua. Maisha yaliyopita katika mambo hayo yakiwa hayana habari, basi habari ni nini?

Kwa Wabaptisti kosa hili ni zito zaidi. Kanisa lao lilianza Amsterdam mwaka 1609, likafika London mwaka 1612, na mafundisho yao ni kwamba kila mwamini ni kuhani, na mkutano wa waamini ndio wenye amri. Ikiwa kanisa ni mkutano, basi historia ya kanisa ni historia ya waliokutana. Lakini fungua taarifa za makanisa yetu: mara nyingi utaona mwaka aliofika mmisionari, jina la mchungaji, na idadi ya mabati. Mwanamke aliyebeba maji ya kufyatulia matofali amefungwa pamoja na wenziwe katika neno moja: akina mama.

Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani walianza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Sadaka yao ya Krismasi kwa kazi za ng'ambo huitwa, tangu mwaka 1918, kwa jina la Lottie Moon, mwanamke aliyetumika China tangu 1873 hata kufa kwake mwaka 1912. Jina lake limedumu kwa kuwa barua zake zilitunzwa na maisha yake yaliandikwa. Basi jina la mwanamke aliyevuka bahari limehifadhiwa; la mwanamke aliyevuka bonde kila Jumapili kwa miaka hamsini halimo hata katika daftari. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hutuzwa lini?

Nitajibiwa kwamba mtumishi mwema hatafuti sifa. Ni kweli, lakini unyenyekevu ni wake, usahaulifu ni wetu. Asiyetaka sifa hakutuagiza tumpe mwingine sifa zake. Tena asiye na jina katika kitabu huwa hana neno katika baraza: siku ya kuchagua viongozi, au ya kugawa kiwanja cha kanisa, utumishi wake hauwezi kumshuhudia.

Wala tusiseme kwamba fasihi yetu haijui njia. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na hata leo twausoma. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kuimba. Mwuza vyungu amepata kitabu. Mpika chungu cha kanisa amekosa nini?

Basi wanafunzi mtokao Kigoma, likizo ijayo msirudi mikono mitupu. Waulizeni wazee hao kwa Kiha, mwandike kwa Kiswahili: majina yao, miaka, kazi, hata ugomvi wao na wachungaji. Msiandike hotuba ya mazishi, maana hotuba ya mazishi husifu ili ifunge jambo. Andikeni wangali hai, wapate kusahihisha.