Uonevu bwenini: tusingoje mtoto aumie

Januari 2026 sekondari zetu zilipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10. Mwaka 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza, hivyo mabweni yalikaa mwaka mzima bila wageni. Sasa wageni hao wamewakuta Kidato cha Tatu na cha Nne pekee. Wa Kidato cha Pili, ambaye angekuwa ametoka kuonja ugeni juzi tu, hayupo.

Uonevu tunaujua: kufulia wakubwa nguo, kunyang'anywa sabuni na pesa za matumizi, kupigwa taa zikishazimwa. Wenyewe huuita kumkaribisha mono.

Sheria ipo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, jela isiyozidi miezi 6, au vyote viwili. Lakini sheria haiingii bwenini usiku. Anayeingia ni mwalimu wa zamu na matroni, wakiwa macho. Na shule inayoogopa aibu huyamaliza kimyakimya: aliyeonewa akahamishwa, mwonevu akabaki. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wazazi, mtoto akija likizo tusimuulize alama tu. Tumuulize analala karibu na nani, vitu vyake viko wapi, na mbona hataki kurudi. Akinyamaza, tusimkaripie. Simu ya watoto, 116, haitozwi pesa.