Gari-nyumba lake linakuuma nini?

Najua niliahidi kuandika kuhusu ratiba mpya ya mitihani, lakini ratiba itasubiri. Kuna hoja imenikaa kooni tangu juzi, na nisipoitema hapa sitasoma kitu.

Tulikuwa kwenye semina ya elimu jumuishi. Mwenzetu mmoja akatoa mfano wa Uingereza, kwamba kule mtu mwenye ulemavu anaweza kuchukua posho yake ya serikali, akaidunduliza, akanunua gari-nyumba, tena bila kulipa kodi ya ongezeko la thamani. Darasa likaguna. "Huo si msaada tena, huo ni ulaji!" akadakia jamaa wa nyuma, na watu wakapiga makofi kabisa.

Mimi sikupiga. Muda wa semina ukaisha kabla sijapewa nafasi, kwa hiyo naisema hapa ambapo hakuna wa kuninyang'anya zamu.

Tuanze na gari lenyewe. Gari-nyumba ni lile gari kubwa kubwa, kama basi dogo, ambalo ndani lina kitanda, jiko, maji na choo. Wastaafu wa Ulaya wanazunguka nalo, jioni wanaegesha, wanapika, wanalala. Ukiliona unasema hawa wana hela zao, na mara nyingi ni kweli. Sasa mtoe huyo mstaafu mwenye miguu yake miwili, muweke mtu wa kiti cha magurudumu. Gari la huyu lina lifti ya kumpandisha yeye na kiti chake, mlango mpana, kitanda cha kimo anachokiweza, na choo anachoweza kuingia na kutoka. Jamani, kwa huyu mtu habari yote iko kwenye hicho choo. Wewe ukisafiri unajiuliza utakula wapi. Yeye anajiuliza atajisaidia wapi, na asipopata jibu anabaki nyumbani.

Msidhani kule vyoo vimejaa kila kona. Mwaka 2006 ilianzishwa kampeni inaitwa Changing Places, kudai vyoo vikubwa vyenye winchi ya kumnyanyua mtu na kitanda cha kumbadilishia mtu mzima. Ilianzishwa kwa sababu watu wazima walikuwa wanalazwa sakafuni chooni ili wabadilishwe. Sakafuni! England ilikuja kuyalazimisha majengo mapya makubwa ya umma kuwa na vyoo hivyo mwaka 2021, miaka 15 baada ya kampeni kuanza. Sasa mtu akiamua kutembea na choo chake mwenyewe, hiyo mnaita anasa?

Haya, twende kwenye hela, maana hapo ndipo watu wanapopandisha mori.

Posho yenyewe inaitwa Personal Independence Payment, kwa kifupi PIP. Ilianza 2013 kuchukua nafasi ya posho nyingine iliyokuwepo tangu 1992. Ina mafungu mawili, moja la maisha ya kila siku na moja la kutembea na kusafiri. Haiulizi kama una kazi au huna, haikatwi kodi, na haikudai risiti. Ipo kwa sababu ulemavu una gharama zake ambazo wewe na mimi hatuzioni. Fungu la usafiri la kiwango cha juu, kwa mwaka wa fedha 2025/26, lilikuwa pauni 77.05 kwa wiki.

Anayelipata ana njia mbili. Ya kwanza, analikabidhi kwa mpango unaoitwa Motability, ulioanzishwa 1977, anakodishiwa gari, kwa kawaida kwa miaka mitatu, na bima na matengenezo yamo humo humo. Zaidi ya watu laki nane wako kwenye mpango huo. Ya pili, anachukua hela yake mkononi na kujipangia mwenyewe. Motability haikodishi magari-nyumba. Kwa hiyo anayelitaka kwa hela ya fungu hilo lazima aachane na gari la kukodishiwa. Wale wanaosema "wanakula mara mbili" wanakosea hesabu, maana pauni 77 haiwezi kukodi gari na kununua lingine kwa wiki hiyo hiyo.

Kodi nayo haisamehewi kwa kukonyezana. VAT ya Uingereza ni asilimia 20. Ili uuziwe gari kwa kiwango cha sifuri, sheria yao ya 1994 inataka liwe kwa ajili ya mtu ambaye kwa kawaida anatumia kiti cha magurudumu au anabebwa kwa machela, libebe watu wasiozidi 12, liwe limerekebishwa kwa kiasi kikubwa na kwa kudumu, na liwe la matumizi yake binafsi. Kitu cha kupachika leo na kuchomoa kesho hakihesabiwi. Kulikuwa na wajanja waliokuwa wananunua na kuuza, nakubali, na ndiyo maana tangu Aprili 2017 ni gari moja kila baada ya miaka mitatu, na ukidanganya unaadhibiwa. Ila sheria haiulizi kama ndani kuna jiko. Na kwa nini iulize?

Sasa tupige hesabu, si ndio wasomi sisi? Tuchukue gari la pauni 50,000 kabla ya kodi. VAT ingeongeza 10,000. Fungu la usafiri kwa mwaka mzima wa fedha 2025/26 lilikuwa pauni 4,006.60. Kwa hiyo mtu huyo, asipotumia hata senti moja kwa teksi au mafuta, anahitaji zaidi ya miaka 12 kufikisha 50,000. Angelipa na kodi, ingekuwa karibu miaka 15. Huo ndio "ulaji" uliopigiwa makofi. Mwizi gani huyu anayeiba taratibu hivi?

Halafu kinachonishangaza ni nani anayeguna. Sisi! Sisi watu wa bumu! Kila muhula mtaani wanasema wanafunzi wanapewa hela ya chakula wananunua sabufa na simu. Na sisi tunang'aka: hela imeshatoka, nikila mihogo mwezi mzima nikanunua kompyuta, nani ameumia? Sawa, bumu ni mkopo na PIP si mkopo, tofauti hiyo naijua. Lakini kanuni tunayoitetea ni moja, kwamba mtu mzima aliyepewa hela kwa ajili ya mahitaji yake ndiye anayejua mahitaji yapi yanatangulia. Hivi kanuni hiyo inakufa mara tu mwenye hela akiwa na ulemavu?

Serikali kumchagulia mtu mwenye ulemavu gari "linalomtosha", Waingereza walishajaribu, tena kwa miaka mingi. Kulikuwa na kigari kinaitwa Invacar. Magurudumu matatu, rangi ya bluu mpauko, kiti kimoja. Kiti kimoja, wadau! Mama mwenye ulemavu anapewa usafiri wa serikali, lakini mtoto wake hana pa kukaa. Mume akitaka kwenda naye sokoni apande basi, wakutane huko huko. Waliokaa mezani kuamua waliona mtu mwenye ulemavu ni mtu mmoja asiye na familia wala rafiki, anayehitaji kusogezwa kutoka hapa hadi pale, basi. Mwaka 1976 ikaanza posho ya usafiri, yaani hela badala ya kigari, na mwaka uliofuata ikaja Motability. Vigari vile vilivyobaki viliondolewa barabarani mwaka 2003. Kila anayesema "apewe kinachomtosha tu" anarudisha kile kigari cha kiti kimoja, hata kama hajawahi kukiona.

Na mawazo hayo hayajafa. Machi 2025 serikali ya chama cha Labour ilitangaza mpango wa kubana vigezo vya PIP. Tarehe 1 Julai ikabidi iondoe sehemu hiyo kwenye muswada, baada ya wabunge wake wenyewe kuigomea. Novemba 2025 ikaja bajeti iliyopunguza misamaha ya kodi kwenye mpango wa Motability, ingawa magari yaliyorekebishwa kwa watumiaji wa viti vya magurudumu yaliachwa. Wakati huo huo chapa za kifahari kama BMW na Mercedes-Benz zikaondolewa kwenye mpango. Wapo walioshangilia. Sikilizeni vizuri kelele zile na mtasikia zinafanana na makofi ya semina yetu. Kilichowakera ni kuona mtu mwenye ulemavu amekaa ndani ya kitu kizuri. Wanampenda akiwa na shida, anasubiri mlangoni, anashukuru. Akionekana ufukweni anakunywa chai mbele ya gari lake, wanaanza kumkagua miguu.

Nisije nikaambiwa natetea kila kitu. Utaratibu huu una kasoro, tena kubwa, ila haziko pale mnaponyooshea kidole.

Kasoro ya kwanza, msamaha wa VAT unamfaa mwenye uwezo wa kununua. Mwenye pauni 50,000 anaokoa 10,000. Mwenye ulemavu ule ule anayeishi chumba cha kupanga na posho yake yote inaishia kwa wasaidizi na umeme wa mashine, anaokoa sifuri. Ya pili, ili mtu apate fungu la juu kwa kigezo cha kutembea, PIP inaangalia kama anaweza kuvuka mita 20. Zamani kipimo kilichozoeleka kilikuwa kama mita 50. Kwa mabadiliko hayo makumi ya maelfu ya watu walilazimika kurudisha magari ya Motability, na miguu yao haikuwa imepona. Ya tatu, ukipata ulemavu baada ya kufikia umri wa pensheni, huombi PIP tena. Unapewa Attendance Allowance, ambayo haina fungu la usafiri kabisa. Yaani kama ajali imekukuta mwaka mmoja kabla unapata, ikikukuta mwaka mmoja baadaye hupati. Mnataka kugunia kitu? Gunieni hayo. Kumnyang'anya mwenye gari-nyumba hakumpi yule wa chumba cha kupanga hata tairi.

Sasa mtaniuliza, Uingereza inatuhusu nini? Inatuhusu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 nayo inasamehe ushuru wa gari lililotengenezwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu anayeliagiza kwa matumizi yake. Kwenye karatasi tunafanana nao. Ila posho ya kila wiki kama ile hatuna, na msamaha wa ushuru kwa gari usiloweza kulinunua ni maneno matupu. Wenzetu wanabishana kama mtu wao aende ufukweni na gari lenye kitanda. Sisi mtu wetu hajafika hata maktaba.

Siongei hewani. Hapa hapa chuoni kuna mwenzetu wa mwaka wa pili anatumia kiti cha magurudumu. Siku za vipindi hanywi chai asubuhi. Nilidhani anafunga. Kumbe milango ya vyoo vya jengo letu ni myembamba kuliko kiti chake, kwa hiyo anakaa na kiu mpaka saa tisa arudi hosteli. Ukumbi wa ghorofani anabebwa na wenzake, nao wakichelewa anakosa kipindi, na jina lake linasomwa kwenye mahudhurio kama la mtoro. Sasa huyu akipata hela yoyote duniani, akaamua kununua kitu chenye choo na magurudumu, mimi wa kumwambia amezidisha ni nani?

Na tukumbuke tunasomea nini. Miaka miwili ijayo tutakuwa mbele ya darasa, na atakuwepo mtoto wa namna hii. Tukienda na fikra za kwamba haki yake ni kile kidogo kinachobaki tukishashiba sisi, tutampa dawati la pembeni, tutamwacha darasani wenzake wakienda ziara ya masomo, na tutajisifu kwamba angalau tumemwandikisha. Cheti cha elimu jumuishi tutakuwa nacho ukutani.

Kwa hiyo jamaa wa nyuma, najua unasoma hapa, nakuomba unijibu jambo moja tu. Hela ikishatolewa kihalali, kodi ikishasamehewa kisheria, gari likishanunuliwa kwa miaka 12 ya kujinyima, kilichokuuma ni kipi? Ukisema ni kodi ya wananchi, nitakuuliza mbona hujawahi kugunia misamaha ya kodi ya watu wenye miguu mizima. Ukisema ni raha anayoipata, basi hapo tutakuwa tumeelewana unapinga nini.

Naomba kuwakilisha.